Kitabu cha Mama Kilichofungiwa

Baba alinunua kofre lile kwa Mzungu mmoja aliyekuwa anarudi Ulaya. Wanaume wanne walilileta kwa mkokoteni hadi nyumbani kwetu, katika mtaa wa Waafrika wa Élisabethville, na walipolitua chumbani sakafu ya sementi ilipasuka. Lilikuwa sanduku zito la chuma lenye ufunguo mmoja tu. Wiki ile wezi walikuwa wameingia kwa jirani wakachukua suti mbili na cherehani, na baba, karani katika duka la vitambaa mjini, alikuwa halali vizuri. Lakini sidhani kama aliogopa wezi peke yao. Maofisa wa Kizungu walikuwa wakipita kukagua nyumba za makarani walioomba kadi ya watu waliostaarabika, na baba alitaka walione kofre lile.

Alimwambia mama alete vitu vyake vya maana. Mama alikuwa akivifunga katika kitambaa, chini ya nguo: hereni za dhahabu alizopewa na mama yake, cheti cha ndoa ya kanisani, na kitabu chake cha utambulisho.

"Kitabu niko nakitumia," mama alisema.

"Ukikihitaji utaniomba."

Baba akavitia vyote ndani ya kofre, akafunga, akatia ufunguo mfukoni. Bila kitabu kile mama hakuweza kupewa karatasi ya safari, na bila karatasi ya safari hakuna aliyemruhusu kupanda treni. Baba alilijua hilo kuliko sisi sote.

Miezi michache baadaye alisafiri na bwana wake wa kazi kwenda Sakania, mpakani, kupokea mzigo wa vitambaa. Ufunguo alikwenda nao. Jumatatu ikaja telegramu kutoka Bukama: bibi, mama yake mama, alikuwa mahututi na anamwita. Treni ya Bukama ilikuwa inaondoka Alhamisi.

Nilikuwa na miaka kumi na sita, mtoto wao wa kwanza. Jumanne asubuhi nilikwenda na mama kwenye ofisi ya karatasi za safari. Alikuwa na telegramu na barua ya padri. Karani aliyekaa dirishani, Mwafrika kama sisi, alizisoma zote mbili, akazirudisha.

"Kitabu iko wapi, mama?"

"Iko mu kofre. Bwana yangu iko na lufungula."

"Basi mungojee bwana yenu."

Jirani yetu mmoja alikuwa mfanyakazi wa reli, na siku ile ile treni yake ilikuwa inakwenda Sakania. Mama alimsihi amwone baba, amletee ufunguo. Jumatano akarudi mikono mitupu. Alisimama mlangoni bila kuvua kofia, akimwangalia mama miguuni.

"Anasema lufungula ya kofre haiwezi kupita mu mikono ya bantu. Anasema mungojee, atarudia Jumamosi."

"Ulimwambia mama yangu iko nakufa?"

"Nilimwambia, mama. Mara mbili."

Mama hakulia. Alichukua shoka la kuni akaingia chumbani. Alipiga, nikampokea, nikapiga mimi, mpaka mpini ukavunjika. Rangi ilibanduka kidogo pembeni ya mlango wa kofre, basi. Tukamwita fundi wa kulehemu wa mtaani. Akaligonga kofre kwa kidole, akatikisa kichwa: moto wake ungeunguza karatasi zote zilizomo ndani.

Alhamisi tulisikia treni ikipiga honi. Mama alikuwa anachambua mchele, na aliendelea kuchambua.

Jumamosi baba alirudi, akaona mikwaruzo. Alifungua, akatoa kitu kimoja kimoja, akavipanga kitandani.

"Munaona? Hakuna kitu hata kimoja kimepotea."

Mama alichukua kitabu chake, akatoka. Jumatatu tulipata karatasi ya safari, na kwa treni iliyofuata tukaenda, yeye na mimi. Bibi alikuwa amekufa Ijumaa jioni. Treni ya Alhamisi ingetufikisha Ijumaa mchana.

Dada zake mama walikuwa wamekaa chini uani, vichwa vimenyolewa. Hawakunyanyuka kutupokea.

"Alikuita mpaka sauti ikaisha," mkubwa wao alisema. "Huko mujini ulikuwa unafanya nini?"

Nilifungua mdomo ili niwaeleze. Mama akanikamata mkono, akaubana hadi ukaniuma.

"Nilikuwa mugonjwa," aliwaambia. "Bwana yangu alinikatalia kusafiri juu ya ugonjwa. Alinihurumia."

Wakaamini, wakamsifu baba. Mmoja alisema si kila mwanamke anabahatika kupata mume wa namna ile. Nilikwenda nyuma ya nyumba, nisiwasikie tena. Baba nilimchukia waziwazi, na alilijua hilo mpaka alipokufa. Mama nilimchukia kwa siri, kwa sababu ya uongo ule, na nilipokuja kuelewa kwamba alikuwa anaficha aibu yetu mbele ya ndugu zake, hakuwepo tena wa kuambiwa.