Kofia ya Ofisa wa Uhamiaji

Msomi anayeandika historia ya uraia nchini aache nyaraka kidogo, aje Shinyanga.

Juzi nilikuwa ofisi ya uhamiaji nikifuatilia pasi. Mbele yangu alisimama Mchina wa makamo, mtoto wa seremala aliyeletwa machimbo ya Geita enzi za mkoloni. Alitaka atambuliwe kuwa raia.

"Wachina ninaowajua ni wale wa reli," alisema ofisa. "Wewe ndugu, kabila gani?"

"Msukuma."

Foleni nzima iliangua kicheko. Mchina hakucheka. "Na wewe?"

"Mzaramo. Inakuhusu nini?"

Mchina akaichukua kofia ya ofisa pale mezani, akaivaa. "Kumbe mtumwa wangu! Inuka, nikalie kiti changu."

Tukangoja pingu. Ofisa alisimama, mishipa ya shingo imemtoka. "Lione kwanza! Siku ukifa nitauza sanda yako, na ng'ombe wa msiba nitamla peke yangu!"

Kisha akajiziba mdomo. Maneno hayo Mzaramo humwambia Msukuma, mtani wake. Mgeni hatukanwi hivyo.

"Nirudishie kofia," alinong'ona.

"Ikomboe."

Ndiyo mila: mtani akikunyang'anya kitu, hukipati bure. Ofisa akaigonga fomu muhuri, akarudishiwa kofia.

Nikasogea mimi, Mzinza wa Chato, ambaye babu zangu wote wamezikwa kando ya ziwa. Ofisa akanikazia macho.

"Una ushahidi gani kwamba wewe ni Mtanzania?"

Nikaitafuta ile kofia kwa macho. Alikuwa ameikalia.