Aliyetuandikia malalamiko ya kupeleka polisi: kisa cha phonie, Likasi

Wakuu, salamu kwenu nyote humu ndani. Naweka kitu kilichonipata mwenyewe, na sitaongeza chumvi. Aibu iliyomo inatosha.

Jana usiku mpwa wangu kanipigia analia. Account yake imetekwa, mtu anawaandikia marafiki zake kwa jina lake. Kabla hajafuta machozi, bwana mmoja mpole kaingia inbox: "Pole dada. Mimi nasaidia watu kuripoti cybercrime. Nitumie screenshots zote na ile code, halafu ufute kwako."

Nikamwambia asijibu kabisa! Huyo bwana namjua. Nilikutana naye Likasi miaka ya tisini, kabla hatujasikia hata neno internet.

(Mnivumilie, Kiswahili changu ni cha Katanga, Kifaransa kimo ndani kama mawe kwenye mchele.)

Miaka ile kila kitu kilikuwa kimeanguka. Baba alikuwa kiwanda cha shaba kule Shituru, lakini mshahara ulishageuka hadithi. Kilichotulisha ni mashine ya kushona ya mama, ile ya kukanyaga kwa mguu. Mama anashona uniform za shule, wazazi wanaleta unga. Mashine ikisimama hakuna bukari, yaani ugali wenu.

Mimi nilikuwa nimemaliza secondaire, sina kazi, na kusema ukweli sikuitafuta kwa bidii. Napenda nyumbani. Mama aliniita "mulinzi wa mbabula", maana nilishinda pembeni ya jiko la makaa kama paka.

Simu hazikuwepo. Ukitaka kuongea na mtu wa mji mwingine unaenda phonie: chumba chenye redio, operateur mmoja, na benchi la watu wanaosubiri zamu. Ni lazima upige kelele ndipo usikike. Basi habari zako zote benchi linasikia, tena linachangia maoni. Ndiyo ilikuwa status yetu ya zamani.

Mama akaenda kuongea na dada yangu Odette, yuko Kamina, mimba ya mwezi wa mwisho.

"Odette! Ukizaa nitakuya na mashine, nishonee mutoto kwako! Usiogope, iko salama! Mulinzi wa mbabula njo anaichunga, ule hatokaka hata!"

Benchi likacheka. Mimi, huyo asiyetoka, nilikuwa nyumbani, bila shaka.

Siku tatu baadaye, mchana, mama yuko sokoni. Bwana mwenye shati safi na baiskeli akabisha hodi. Ana karatasi: MESSAGE PHONIE, URGENT, imepigiwa mistari mitatu. Odette kajifungua vibaya. Mpeni huyu mashine, treni inaondoka leo, mama afuate.

"Weye njo mulinzi wa mbabula?" akaniuliza, anacheka.

Wakuu, jina la ndani ya nyumba yetu! Nitamshukuje? Nikamfungia mashine kwenye baiskeli kwa kamba zetu wenyewe. Nikamsukumia mpaka barabara kubwa. Mwaka mzima sijatoka nyumbani kwa hiari, siku niliyotoka namsindikiza mwizi.

Mama aliposoma ile karatasi alikimbia phonie, mimi nyuma yake. Kamina ikapatikana. Aliyejibu ni Odette mwenyewe.

"Mama? Niko muzima, bado sijazaa. Mashine gani?"

Benchi lote likasimama. Operateur akafungua cahier, daftari anamoandika kila ujumbe: wetu haumo. Mama akakaa chini, kwenye sakafu, na kitambaa chake kikadondoka, hakukiokota.

Pale benchini, kama kila siku, kulikuwa na Papa Donatien. Kazi yake kuwaandikia barua na ujumbe watu wasiojua kuandika. Mzee mpole, miwani imefungwa kwa uzi. Alikuwa wa kwanza kumwinua mama. Machozi yanamtoka.

"Mama, usilale na hii. Unapeleka plainte, malalamiko yako, polisi leo leo. Mimi nitakuandikia, bure."

Akaandika ukurasa mzima, Kifaransa cha kuvaa tai. Kisha akasema, "Ile message uniachie, nitaibandika vizuri na plainte."

Mama akakataa. Ina jina la mtoto wake, ataishika mwenyewe. Akaikunja ndani ya kitabu chake cha misa. Papa Donatien akaiomba tena. Mama akakataa tena. Mimi nikaona mama anakosa adabu kwa mtu mwema!

Tukaenda polisi. Mkaguzi alikuwa mtu mzima, meza yake haina droo, kalamu yake ya Bic anaipasha moto kiganjani ndipo iandike. Akasoma plainte. Akaomba message. Akaviweka viwili hivyo kando kwa kando, akapitisha kidole mstari kwa mstari.

"Hii plainte, nani aliandika?"

"Papa Donatien wa phonie," nikasema. "Muntu muzuri sana, shefu."

"Na hii message?"

Nikaangalia. Herufi g yenye mkia wa ndoano. URGENT, mistari mitatu. Na juu ya plainte yetu, URGENT, mistari mitatu.

Mkono ni ule ule. Mama alitoa sauti ambayo siwezi kuiandika.

Jioni ile ile mashine ikapatikana kwa shemeji yake Donatien, yule wa shati safi. Imefunikwa kitenge. Kichwa kipo, meza na kikanyagio vimeshauzwa kwa mtu wa Kakanda, kaondoka navyo.

Donatien hakubisha. "Mama, ilikuwa njaa."

Mama akamwangalia. "Ungekuya kuomba bukari, ningekupatia. Ulikuwa unanisikia kila nikikuya phonie, ulishindwa kunisemesha?"

Mimi mpaka leo hilo swali linanisumbua kuliko wizi wenyewe.

Basi wakuu, nilichojifunza. Ile karatasi ya uongo, ambayo kwa hasira nilitaka kuwashia mbabula, ndiyo iliyoturudishia mashine. Kwa hiyo usifute kitu, hata kikikuchefua. Nenda mwenyewe ofisini, mbele ya mtu mwenye meza, siku hiyo hiyo. Andika kwa mkono wako, hata kama Kifaransa chako kinachechemea. Na anayekuja mbio kukusaidia huku anataka ushahidi ubaki kwake, huyo mwangalie mara mbili.

Mpwa wangu kaenda polisi leo asubuhi na mapema, simu mkononi, hajafuta kitu. Ndiye yule mtoto wa Odette. Nguo zake za kwanza mama alizishona kwa kichwa cha mashine kilichowekwa juu ya sanduku, na gurudumu likizungushwa kwa mkono.

Mkono wangu. Miaka miwili nilikuwa motor. Kukaa nyumbani nilikopenda, nikakupata kwelikweli.

Uwanja wenu sasa. Mliowahi kuibiwa, semeni: nani alikuwa wa kwanza kuwaambia pole? Na wa kunicheka wacheke, mama alishawatangulia.