Hotuba Iliyoitikiwa

Jana nilishindwa tena, ndugu yangu. Kikao cha idara hapa Mbulu, watu hawazidi thelathini, nikapewa kipaza sauti nisome taarifa ya dakika tano. Pumzi ikakatika. Nikamkabidhi mwenzangu karatasi, nikasingizia kifua. Nimechoka kusingizia kifua, mtu mzima kama mimi.

Nikiwa darasa la saba kule Masieda, mwalimu alinichagua nitoe shukrani kwa wazazi siku ya mahafali. Wiki mbili sikula vizuri. Hata makande ya bibi, ambayo siku nyingine nilikomba mpaka sufuria, yalinikaa kooni. Jioni moja tukipukuchua mahindi nikamwambia ukweli: watu wakinitazama kimya, nitaanguka.

Bibi akashangaa. "Wanyamaze kwa nini? Umewakosea nini?"

Usimcheke. Kwetu mzee akiomba baraka kwa Kiiraqw haachwi peke yake. Kila mstari watu wote huuitikia, naye hapo hupata pumzi ya kuanza mwingine. Kwa bibi, kumsimamisha mtoto mbele ya watu walionyamaza yalikuwa mateso. Basi tukafanya mazoezi kwa namna yake: mimi nasema sentensi, yeye anaitikia, punje zinadondoka kwenye beseni.

Siku yenyewe nilisema "Ndugu mgeni rasmi," nikakwama. Kutoka kwenye mabenchi ya wazazi bibi akaitikia, kwa sauti ile ile ya kuitia ng'ombe. Wageni wakacheka. Mwalimu, mtu wa Tanga, akamfuata. "Shikamoo bibi. Tunaomba utulivu kidogo." "Marahaba mwanangu," akajibu, na sentensi iliyofuata akaitikia tena. Kina mama waliomzunguka wakaingia naye, kisha wazee, mpaka karatasi ikaisha. Niliona aibu sana, lakini sauti haikunikatika.

Siku hizi hata baraka kijijini husemwa kwenye spika. Watu wamenyoosha simu wanarekodi, na wengi hawaitikii wasije wakaharibu video. Kazini wananishauri nijiamini, nivute pumzi, nimtazame mtu mmoja. Nimejaribu vyote, na sijui niwaeleze vipi kwamba hata siku ile sikujiamini.

Tulipomzika bibi mwaka juzi niliombwa niseme machache. Nilisema sentensi moja. Watu wakanyamaza kwa heshima, na ya pili haikutoka.