Mama Hajibu kwa Namba

Mimi ni mtu wa waya na betri. Nikiwa mdogo nilifungua redio ya baba nikashindwa kuifunga, na tangu siku hiyo kitu chochote kikiharibika nyumbani naulizwa mimi kwanza, hata kama ni bawaba ya mlango. Nilipokwenda Unguja kusomea uhandisi wa umeme na kompyuta hakuna aliyeshangaa. Walishangaa niliposema utafiti wangu wa shahada ya pili utahusu ng'ombe. Mama aliniuliza kama chuoni wameishiwa na mambo ya kusoma.

Ukweli ni kwamba utafiti ule ulianza na mama, si ng'ombe. Tangu baba afariki, mama anaishi peke yake kwetu Kiuyu, Pemba, yeye na ng'ombe mmoja jike mwenye pembe moja iliyopinda na tabia ya kujiona. Goti la kulia la mama limechoka. Kaka yangu, mtumishi wa serikali mjini Chake, mtu ambaye risiti ya feni aliyoinunua kabla ya kuoa bado anayo kwenye faili, alikuwa ameshakata shauri: ng'ombe auzwe, mama ahamie kwake. Chumba alishakipaka rangi. Mama alimshukuru kwa rangi, akasema Chake atakaa afanye nini, atazame gari? Yeye pale haondoki.

Kilichomtia kaka wasiwasi ni safari za kwenda kwa ng'ombe. Ng'ombe wetu hufungwa kamba ng'ambo ya bonde la mpunga, na ili kufika huko inabidi upite juu ya tuta jembamba lenye utelezi. Kila siku mama alikwenda asubuhi kumhamisha kigingi, akaenda adhuhuri kumpa maji, akaenda alasiri kumhamisha tena, na katikati ya hizo akaenda kumchungulia tu, eti asije akajihisi mpweke. Hizo za kuchungulia ndizo nilizotaka kuzipunguza. Nikamwambia kaka nitatengeneza mkanda wa shingoni utakaopima mwendo wa ng'ombe na kumwarifu mama kwa simu pakiwa na jambo, ili asitoke nyumbani bila sababu. Kaka akafikiri, kisha akatoa sharti linalofanana naye. Tujaribu miezi mitatu. Kila kitu kiandikwe. Mwisho wa miezi mitatu nimletee rekodi: ikiwa safi, mama abaki Kiuyu na ng'ombe wake, ikiwa na baya lolote, ahamie Chake na mjadala ufungwe. Mama alikubali haraka kuliko nilivyotegemea. Nadhani hakuamini kwamba rekodi inaweza kujua kitu ambacho yeye hakutaka kijulikane.

Basi nikatengeneza mikanda kumi na mmoja, mmoja wa mama na kumi ya majirani, maana chuo hakitoi shahada kwa ng'ombe mmoja. Kila mkanda ulikuwa na kidude kadiri ya kiberiti, chenye kipima mwendo, laini ya simu na sola ndogo juu yake. Ndani yake niliweka akili mnemba niliyoifundisha kwa data za ng'ombe wa shamba kubwa la bara, ili ijue ng'ombe mzima anavyotembea na mgonjwa anavyotembea. Ikiona mwendo wa ajabu, inamtumia mwenye ng'ombe ujumbe: "Asalaam alaykum. Mnyama wako ameonyesha dalili zisizo za kawaida. Hali ikoje? Jibu 1 kama ni mzima, 2 kama ni mgonjwa." Salamu niliiongeza mwenyewe, ili watu wasidhani ni wale matapeli wa kukwambia umeshinda zawadi. Nilijiona mstaarabu sana.

Siku ya kuwaelezea wenye ng'ombe nilikusanya watu barazani kwetu, nikaeleza kila kitu polepole: kwamba ujumbe unajituma wenyewe, kwamba hakuna mtu anayeuandika, kwamba kompyuta inaelewa namba tu. Watu walisikiliza kwa makini. Mama hakuwepo. Alikuwa jikoni anawakaangia maandazi.

Nikarudi Unguja, na kwa wiki ya kwanza nilitamani ardhi inimeze. Ng'ombe wa bara, wale wa data zangu, hutembea watakavyo. Ng'ombe wa Pemba ana kamba. Anakula akizunguka kigingi, kamba ikimvuta anasimama, anageuka, anazunguka tena. Kwa akili yangu mnemba, ng'ombe anayezunguka pahala pamoja mchana kutwa ana maradhi ya kichwa. Kwa hiyo asubuhi, adhuhuri na alasiri ilitangaza kwamba kijiji kizima kina ng'ombe vichaa. Mimi niliyezaliwa pale, niliyefungua na kufunga kamba zile tangu nina miaka saba, sikuikumbuka kamba.

Majirani baadhi yao walizoea, wakawa wanajibu 1 na kuendelea na shughuli zao. Kwenye jedwali langu mstari wa mama ulikuwa mtupu. Nikampigia simu kumuuliza kama ujumbe unafika. Unafika. Anajibu? Anajibu. Kwa namba? Akasema anajibu vizuri, na sauti yake ikaonyesha kwamba swali halikumpendeza. Nilijua mama hajibu, ananipoza tu. Kila nikipiga simu baada ya hapo ilikuwa namba, mkanda, betri, na mama anasema ndiyo, ndiyo, haya, kisha tunaagana.

Miezi mitatu ilipokaribia kwisha nilimlalamikia msimamizi wangu, mwalimu mmoja wa kike mwenye maneno machache, kwamba mshiriki mbovu kuliko wote katika utafiti wangu ni mama yangu mzazi. Akaniuliza majibu yasiyo ya namba yanakwenda wapi. Nikasema kuna faili. Sikumwambia kwamba faili lenyewe nililipa jina la Takataka. Akaniuliza kama yamesomwa. Nikaeleza kwamba kompyuta haiwezi kuyasoma.

"Sikuuliza kompyuta," alisema. "Nimekuuliza wewe."

Nililifungua faili lile mchana huohuo, chakula changu kikiwa mezani. Lilikuwa limejaa. Nusu ya wenye ng'ombe walikuwa wameandika salamu na dua pamoja na namba, na programu yangu ilikuwa imeyatupa yote. Lakini mwingi wa ujumbe ulikuwa wa mama. Mama, ambaye kuandika neno moja kwenye simu humchukua muda wa kumenya kitunguu, alikuwa amejibu mara tatu kwa siku, kila siku, bila kukosa.

"Waalaykum salaam warahmatullah. Ng'ombe nzima alhamdulillahi, kala na kanywa. Huko nako salama?"

"Waalaykum salaam. Azunguka kwa kuwa kafungwa, mwanangu. Ukifungwa kamba hata weye utazunguka."

Hapo nilicheka mpaka mwenzangu wa meza ya pili akageuka. Mama humwita kila mtu mwanangu, hata fundi wa paa mwenye mvi, kwa hiyo nilidhani anazungumza na mashine kwa heshima zake za kawaida. Niliona pia, kwa furaha ya ubinafsi ya mtafiti, kwamba nimepata hazina: saa alizohamishwa ng'ombe, saa alizokunywa, siku aliyokataa majani, kila kitu kilichohitajika kuifundisha upya akili yangu mnemba. Niliendelea kusoma huku naandika pembeni. Kisha nikafika mwezi wa pili.

"Waalaykum salaam. Ng'ombe hajambo. Miye leo nimeteleza pale kwenye tuta, nguu umevimba. Hili libaki hapa hapa."

Siku tisa baadaye: "Waalaykum salaam. Nimeanguka tena, pahala pale pale. Nimekaa chini mpaka jirani kapita kaninyanyua. Ng'ombe kala vizuri."

Nilitazama tarehe. Siku ile ya pili nilikuwa nimempigia simu alasiri. Nilizungumza naye kuhusu betri. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, na chakula sikukila.

Ijumaa iliyofuata kaka alikuwa aje Kiuyu kuisoma rekodi. Nilipanda boti mapema, nikafika nyumbani Alhamisi, nikamkuta mama amekaa kwenye mkeka na ungo, anachambua mchele. Nilimwamkia, nikakaa. Nikamwambia nimesoma kwamba ameanguka mara mbili. Hakushtuka hata kidogo.

"Nshakwambia siku ile ile," alisema.

Nikamwambia aliiambia mashine ya ng'ombe.

"Ng'ombe hajui kusoma. Nilikuwa nakwandikia weye."

Kidogo kidogo ikatoka yote. Mama aliamini tangu mwanzo kwamba zile salamu nazituma mimi. Alishawaambia majirani kwamba mwanawe, pamoja na masomo yote yale, anamwamkia mara tatu kwa siku na kuuliza hali, na hao majirani waliohudhuria maelezo yangu barazani hawakuwa na moyo wa kumsahihisha. Kuhusu namba, alisema aliziona, lakini mtu kakutolea salamu, kakuuliza hali, umjibu moja? Hakulelewa hivyo. Na alipoandika kwamba ameanguka, akasubiri, akaona simu ya kaka haiji na mimi nikipiga nazungumza mambo ya betri, akaelewa kwa namna yake.

"Nikasema mwanangu kanisitiri," alisema. "Hata kwenye simu hukulitaja, usije ukasikiwa."

Ningeweza kunyamaza. Nakiri kwamba kwa muda wa kuchambua kiganja kimoja cha mchele nilifikiria kunyamaza, maana lile deraja alilonivisha lilikuwa zuri mno. Lakini nilikuwa nimeshamtazama mguu wake, ule wa kulia, ulionyooshwa mbele kwenye mkeka kwa sababu haukunjiki tena.

"Sikuzisoma, mama," nilisema.

Vidole vyake havikusimama. Alitoa chuya tatu au nne, akazitupa kwa kuku.

"Basi aliyekuwa akinisalimu nani?"

Nikamweleza, kama nilivyopaswa kumweleza siku ya maandazi. Kwamba salamu niliiandika mara moja tu, na mashine ikawa inairudia kila mara. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ina adabu," alisema, akaugeuza ungo upande wa pili.

Sikujua kama nimesamehewa. Usiku ule alinipakulia samaki mkubwa kuliko wake, lakini hilo angelifanya hata kama angekuwa amenikasirikia. Nilimuuliza nimpe kaka rekodi ipi. Nilikuwa tayari, Mungu anisamehe mimi mtafiti, kuifuta ile mistari miwili. Mama akasema nisifute hata herufi, kaandika mwenyewe, hakuandikiwa na mtu. Lakini alikaa muda mrefu mlangoni akitazama upande wa bonde, na nilijua anaogopa.

Kaka alikuja baada ya sala ya Ijumaa, kanzu nyeupe imenyooka, kalamu mfukoni. Alisoma karatasi zangu kama anakagua zabuni. Alipofika mwezi wa pili alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Mama hakumpa nafasi. Alimwambia ni saa ya kumhamisha ng'ombe kigingi, goti linamuuma, aende yeye. Kaka akaenda, na karatasi akazichukua kwapani.

Alirudi baada ya nusu saa. Kanzu ilikuwa na tope kuanzia kiunoni kwenda chini, kiatu kimoja kilikuwa mguuni na kingine mkononi. Karatasi zilikuwa safi kabisa. Alikuwa ameanguka pale pale, na akiwa amekaa chini kwenye maji ya mpunga aliliangalia tuta vizuri kwa mara ya kwanza tangu awe mtu mzima, akaona kaa wamelitoboa tundu, nusu yake imeshaliwa. Mimi nilikuwa nimeingia chumbani, kwa sababu hakika kicheko kingenitoka. Mama alimletea maji ya kunawa, akiwa na uso wa mtu aliyefiwa.

Kaka alinawa, akakaa, akatoa hukumu. Rekodi, alisema, inaonyesha kwamba mama hakukosa siku hata moja kumwangalia ng'ombe wake, na kwamba kilicho kibovu ni njia. Ng'ombe avushwe, afungwe upande huu, pale kwenye matuta ya viazi nyuma ya nyumba. Mama abaki. Jumatatu aje Chake hospitali kutazamwa goti, na hilo halina mazungumzo. Mama akasema viazi vyenyewe mwaka huu vilikuwa vibaya. Nilimwona anashusha pumzi aliyokuwa ameizuia tangu Alhamisi, na mimi nikashusha yangu.

Nikamimina chai. Ndipo kaka, mtu wa mafaili, akapekua tena karatasi mpaka kwenye zile tarehe mbili, akanitazama.

"Hii ni miezi imepita," alisema. "Wewe umejua tangu lini?"

Nilifungua mdomo. Mama akatangulia, bila kuinua macho kwenye kikombe chake.

"Kajua siku ile ile. Miye ndiye niliyenkataza asikwambie."

Kaka alinigeukia. Alinisema mpaka ikaadhiniwa alasiri: kwamba mambo ya mzazi hayafichwi, kwamba elimu imenifunza siri badala ya hekima, kwamba nilimwacha mama yangu na mguu uliovimba huku najua. Niliyapokea maneno yote, kwa sababu kosa alilokuwa akinikemea lilikuwa dogo kuliko langu la kutosoma, na mama ndiye aliyelichagua.