Mwanamke wa Kindu anayeilazimisha kompyuta kurudia hesabu ya mashua

Saa tatu asubuhi jua la Kindu limeshaanza kukaza, na Jeanine Feza anawasha kompyuta kuukuu katika ofisi ya wenye mashua, hatua chache kutoka bandarini. Kabla hajagusa herufi hata moja, anageuza shingo kumtazama mzee aliyeketi mlangoni na kikombe cha chai.

"Papa, ni saa ngapi?"

Mzee Isidore Tambwe anainua mkono na kuikagua saa yake ya mshale bila haraka yoyote. "Saa tatu na dakika sita. Siku ya ine, tarehe kumi na mbili. Rudia."

"Saa tatu na dakika sita, siku ya ine, tarehe kumi na mbili," binti anarudia huku akiandika tarehe ya Alhamisi hiyo.

"Njo vile," anasema mzee, na kuirudia chai yake.

Mgeni anaweza kudhani ni utani wa baba na mwana. Wala. Betri ndogo inayotunza saa ndani ya kompyuta hiyo ilikufa zamani, na ya saizi yake haipatikani Kindu nzima. Kila inapowashwa, mashine huamini kwamba leo ni tarehe mosi Januari 2008. Imani hiyo karibu imfukuzishe Jeanine kazi.

Jeanine ana miaka 34. Ndiye mtunza programu wa chama cha wenye baleinière, zile mashua ndefu za mbao zenye mota zinazoshuka na mto Lualaba hadi Ubundu. Programu aliiandika mwenyewe. Karani huingiza idadi ya abiria, magunia, baiskeli na bidon, yaani madumu, za mafuta ya mawese, kisha kompyuta hujumlisha uzito na kutoa neno moja: Pakia, au Acha. Mshahara wake ni dola 130 kwa mwezi, "kama mwezi ule uko na adabu," anasema akicheka.

Siku moja ya Machi kompyuta ilisema Pakia kwa mashua yenye bidon 200. Abiria walikuwa ndio kwanza wanaanza kupanda pale maji yalipochungulia ukingoni, kisha yakaingia bila hodi. Mashua ilikuwa ingali imefungwa kamba. Wapagazi waliruka, mizigo ikashushwa mbiombio, na hakuna aliyekufa. Magunia ya mchele yalilowa na watu wakatukanana hadi jioni.

"Mashini iliniambia pakia, nikapakia. Maji ikaniambia mambo ingine," anakumbuka Fortunat Kambale, mfanyabiashara kutoka Butembo, mwenye mashua tatu na mwenyekiti wa chama. "Mimi si muntu mubaya. Nilimupatia Mama Jeanine wiki mbili. Apate kosa, ao tuiache ile programu, turudie jicho la kapita."

Kurudia jicho la nahodha maana yake Jeanine akae nyumbani. Lakini ukimuuliza ni nini kilichomnyima usingizi wiki zile mbili, hataji mshahara. Anataja mwaka 2001.

Alikuwa na miaka kumi. Vita vilikuwa vimekata reli, bidhaa ni za kubahatisha, na baba yake alikuwa fundi wa phonie, ile redio ya mawasiliano iliyokuwa mdomo na sikio la mji mzima. Mama yake, Geneviève, alipanda mashua na bidon sita za mafuta akauze vijiji vya chini ya mto. Baada ya siku mbili habari zikaja kwamba mashua ile imezama kwa kulemewa. Orodha ya abiria ilikuwa na jina lake.

Kilio kikawekwa nyumbani, majirani wakaleta mikeka. Isidore hakukaa kwenye kilio. Alirudi kwenye phonie, akaita kituo kimoja baada ya kingine.

Siku ya tatu sauti kutoka kituo kidogo cha mtoni ilisema kuna mwanamke pale, anaitwa Geneviève, ana bidon sita na hasira nyingi. Nahodha aliona mashua imezidiwa, akamshusha yeye na mzigo wake, naye akamlaani nahodha yule hadi mashua ikapotea machoni.

"Nilisema: rudia," anasimulia Isidore, ambaye sasa ana miaka 71. "Akarudia. Nikasema tena: rudia. Mara tatu. Kwa phonie, habari haiyakuwa habari kama muntu wa ngambo ingine hajairudia. Mara ya tatu njo nilienda kuambia watu wa kilio wakunje mikeka."

Kwa hiyo Jeanine anajua, tangu utotoni, kwamba kushushwa mashuani kunaweza kuwa baraka. Anajua pia kwamba hesabu mbovu huua. Wazo kwamba programu yake ilitaka kuwaambia watu wapande mashua ya kuzama lilimnyima usingizi.

Aliisoma programu yote kwa macho, mstari kwa mstari, asione kitu. Ndipo Rodrigue, rafiki yake aliyesoma naye na sasa yuko Goma, alipomwambia aache kuikodolea macho. Kuna zana, akasema, inayochukua kipande kimoja kimoja cha programu na kukihoji peke yake: nikikupa gunia moja, utanijibu kilo ngapi? Jibu likiwa sawa na lililotarajiwa, inaandika kwa kijani. Likipotoka, nyekundu.

Rodrigue alimtumia zana hiyo kwenye flash disk, mkononi mwa abiria wa ndege. Ile iliyokuwa tayari kutumika iliitazama kompyuta ya chama na kukataa katakata: mashine ni ya zamani mno. Kilichobaki ni msimbo chanzo, yaani maandishi yenyewe ya zana, ambayo mtu huyajenga kwenye mashine yake mpaka yawe programu.

"Hakunitumia muchele, alinitumia mupunga," anaeleza Jeanine, ambaye bibi yake alikuwa mkulima wa Kibombo. "Weye mwenyewe utwange, upepete."

Kutwanga kulikuwa na visa vyake. Kompaila, ile programu inayogeuza msimbo kuwa kitu ambacho mashine inakielewa, ilikuwa kongwe na haikuielewa lugha mpya ya zana. Bahati nzuri Rodrigue, kwa woga wake wa kila kitu, alikuwa ametia pia toleo la miaka ya nyuma. Hilo likakubali. Kisha Jeanine akaiagiza mashine ijenge vipande vinne kwa mpigo, kama alivyosoma mahali. Kumbukumbu ikajaa, kioo kikaganda. Akapunguza: kimoja, kikiisha kingine.

Isitoshe, aliongeza kazi kwa hiari yake. Zana hiyo huja na majaribio yake yenyewe, ya kuhakikisha kwamba imejengeka sawasawa. Wengi huyaruka. Yeye alikataa kuyaruka, kwa sababu, anasema, huwezi kupima mchele wa watu kwa mizani ambayo haijapimwa.

Ujenzi wote ulihitaji kama saa tano. Betri ya sola ya ofisi hutoa umeme saa tatu kwa siku.

Hakuona tabu, maana ujenzi wa namna hii unajua ulipoishia, kesho utaendelea. Kesho yake akawasha, na ujenzi ukaanza upya kutoka kipande cha kwanza. Siku ya tatu vilevile. Siku ya nne vilevile, na wiki ya kwanza ikaisha.

"Nililia," anasema bila kuficha. "Nililia kabisa, mbele ya Papa."

Baba yake, aliyekuwa amemletea chakula, aliomba asomewe ile mistari inayopita kwenye kioo. Jeanine akamsomea: mashine ilikuwa ikilalamika kwamba mafaili yamerekebishwa katika wakati ujao. Mzee akauliza, je, yenyewe inadhani leo ni lini?

Hapo ndipo siri ilipofumbuka. Programu inayosimamia ujenzi hulinganisha tarehe: kipande chenye tarehe ya nyuma kuliko msimbo wake hujengwa upya. Msimbo wa Rodrigue uliandikwa miaka mingi baada ya 2008, na vipande vilivyojengwa vilipigwa mhuri wa 2008. Kwa hesabu ya mashine, kila kilichojengwa jana kilikuwa kimechakaa kabla ya kuzaliwa. Ikawa inajenga, inadharau, inajenga tena.

Mzee Isidore, ambaye miaka yote ya vita alirekebisha saa yake kila asubuhi kwa redio, alivuta kiti. Tangu siku hiyo ana kazi. Wakaiweka tarehe sawa, na ndani ya siku mbili ujenzi ukafika mwisho. Majaribio ya zana yenyewe yakatiririka kijani, yote, mpaka mstari wa mwisho. Jeanine anasema alihisi mtu amemtua gunia mabegani.

Raha haikudumu. Aliandika majaribio yake: abiria mmoja, gunia moja, baiskeli moja, bidon moja. Bidon ya lita 20 imejaa mawese, pamoja na plastiki yake, kilo 19. Akaiendesha zana. Kijani. Kila kitu kijani, wakati mashua ilikuwa imejaa maji mbele ya macho ya mji mzima.

Zilikuwa zimebaki siku mbili kabla ya kikao cha chama cha Jumamosi, mwisho wa zile wiki mbili.

"Jibu ile ya kilo 19, nani alikupatia?" baba yake akamuuliza.

"Ni mimi mwenyewe, Papa. Ni hesabu."

"Basi umejiuliza, umejijibu. Mwenye kurudia ni muntu wa ngambo ingine. Enda uulize bidon."

Jeanine akaazima mizani ya kupimia mpunga na kushuka nayo sokoni, kwenye meza ya mama yake. Geneviève bado anauza mafuta, ingawa tangu 2001 hajatia mguu mashuani. Mzigo wake huwakabidhi wengine. Wakapandisha bidon moja, imejaa hadi kooni. Mshale ukapita 19, ukapita 20, ukasimama kwenye kilo 24 na nusu.

Jeanine akadhani mizani ni mbovu. Mama yake akacheka mpaka kitambaa kikamwanguka kichwani.

"Ile ni bidon ya kuvimbisha! Nani anauzaka mafuta na bidon haiyavimba? Tunamwanga maji ya moto ndani, inapanuka, inakamata lita sita za yulu ya ile makumi mbili. Kila muntu anajua. Weye mwenyewe ulikuwaka unamwanga yale maji, ungali mutoto!"

Kweli. Jeanine alilelewa kwa maji hayo ya moto, aliyamwaga kwa mikono yake tangu ana miaka minane, na anajua hata kipimo cha joto kinachofanya plastiki itanuke isipasuke. Wanunuzi wa jumla huja na bidon zao tupu zilizovimba, muuzaji hujaza, kila mtu anaiita bidon ya ishirini na maisha yanaendelea. Alipokaa mbele ya kompyuta alisahau yote hayo, akaamini namba iliyochongwa kitakoni mwa plastiki. Kilo tano na nusu si kitu. Zidisha kwa bidon 200: tani moja na ziada.

Alirudi ofisini karibu akikimbia. Kwenye jaribio la bidon akaandika jibu la sokoni, 24.5, akaiendesha zana. Mstari mmoja ukawa mwekundu: ilitarajiwa 24.5, imepatikana 19. Kosa lililojificha wiki mbili lilikaa hapo uchi. Akarekebisha programu, akarudia. Kijani.

Jumamosi, mbele ya kikao, akaingiza mzigo wa mashua ya Fortunat mwenyewe. Kompyuta ikasema Acha. Fortunat akahesabu hasara yake, kisha akatoa amri zishushwe bidon 45. Zilizopakiwa mwisho ndizo zilizotangulia kushuka, na nane kati yake zilikuwa za Geneviève.

"Miaka yote hii, na wangali wananishusha!" alifoka mama, mikono kiunoni. Halafu akamtazama binti yake, na kelele ikageuka kicheko, na kicheko kikaingia machozi.

Mashua iliondoka ukingo wake ukiwa juu ya maji vizuri. Siku chache baadaye nahodha alipiga simu kutoka Ubundu: wamefika wote, salama. Isidore aliichukua simu mkononi mwa binti yake, akamwambia nahodha arudie.

Fortunat hasemi tena habari za jicho la kapita. "Ilinikatia bidon makumi ine na tano, ikanibakizia mashua," anasema. "Nitalalamika nini?"

Jeanine sasa anataka kuingiza vipimo vya kweli vya kila mzigo, ukipimwa sokoni na si kwenye karatasi, kisha awafundishe vijana wa Kibombo na Pangi kuzijenga zana hizi wenyewe kwenye mashine zozote walizonazo. "Muntu akijua kutwanga, hangojee muchele wa watu," anasema. Betri mpya ya saa imeagizwa Goma. Hajui atamwambiaje baba yake.

Leo Alhamisi kuna safari. Karani ameshaleta orodha, na ndani yake mna bidon nane za Geneviève na abiria mmoja zaidi: Geneviève mwenyewe, anayekwenda Ubundu kumwona dada yake. Amesimama mlangoni na begi kichwani, kitenge kipya, anatazama mto na kurudisha macho ndani.

Jeanine anaendesha majaribio yote. Kijani. Anaingiza mzigo, anabonyeza.

"Inasema nini?" anauliza mama.

"Inasema pakia, Mama."

Geneviève haondoki mlangoni. Anaweka begi chini, anajifunga kitenge vizuri.

"Rudia," anasema.