Hatua za Mama Talitha

Nkulu Talitha alikuwa na miaka kumi na mmoja ya kupokea ndege pale Kamina, na hajawahi kupanda hata moja. Watu wakimcheka, aliwajibu kwamba hata anayechunga ng'ombe haendi sokoni amempanda mgongoni.

Ndege aliyoipokea ilikuwa ya kampuni moja ya madini ya Lubumbashi, ile ya wakubwa: injini mbili, viti saba. Kila iliposhuka, mkubwa hajanyoosha hata mguu, Talitha alikuwa ameshaingia kiwanjani, kwenye udongo mwekundu, anahesabu hatua tangu mwanzo wa kiwanja mpaka pale magurudumu yaliposimama. Aliandika daftarini: tarehe, mvua au jua, watu wangapi, hatua ngapi. Hakuna aliyemtuma. Baba yake, fundi wa reli, ndiye aliyemfundisha kwamba mashine ina karatasi yake, lakini breki ina tabia yake. Kule mwisho alikuwa amepigilia kijiti chekundu. Ndege ikikipita, mbele kuna mtaro tu.

Sasa ndege ile ilikuwa imezeeka, na kampuni ilibakiza mbili za kuchagua: nyeupe na kijivu. Nyeupe ilikuwa na viti vya ngozi nyeupe kama meno ya mtangazaji, na mashine ya kahawa. Karatasi zake zilisema inashuka Kamina bila shida. Daftari la Talitha lilikataa: siku za mvua hata ile ya zamani, nyepesi kuliko hii, ilisimama karibu kabisa na kijiti. Alijua itakavyokuwa: watainunua, itakuja vizuri wakati wa jua, mvua ikianza itashindwa, na badala ya kuiuza ndege, wakubwa wataifuta Kamina kwenye safari zao. Mgonjwa wa kupelekwa Lubumbashi, aliyekuwa akipewa kiti kilichobaki wazi, atarudi kwenye treni, na treni ya kwetu inafika siku inayojisikia.

Basi akampigia simu Direkta Monga Guelord, mkuu wa kampuni kule Lubumbashi, na kumwomba ndege zote mbili zije kujaribiwa Kamina, mwezi wa pili, mvua ikiwa imenyesha, tena zikiwa na mzigo.

Zikaja, na Direkta akaja na ile ya zamani. Asubuhi hiyo udongo ulikuwa umelowa kama ugali uliokosa unga. Lakini zote zilishuka tupu, zikasimama mapema. Muuzaji wa ile nyeupe, kijana Jérémy mwenye viatu vya ncha, alipiga makofi peke yake.

"Directeur, unaona? Njo kazi imeisha!"

"Haiyaisha, bado," Talitha alisema. "Hii iko tupu. Papa Directeur hatembeake peke yake."

"Mama, weye uko pilote?"

"Hapana, mutoto yangu. Minyi njo mwenye kubakia hapa wakati weye umesharudia."

Direkta alicheka, halafu akaacha kucheka. "Mzigo gani, Mama Talitha?"

Talitha alikuwa ameshapanga. Mama Ève, muuza mahindi wa soko kuu, alisukuma mkokoteni na magunia saba, kila moja limepimwa kwenye mizani yake kwa uzito wa mtu aliyeshiba.

"Gunia kwenye ngozi nyeupe!" Jérémy alilia.

"Zina adabu," Mama Ève alimjibu. "Hazitapike, hazilewe."

Magunia yakafungwa mikanda. Lakini rubani wa ndege nyeupe, mtu wa maneno machache, aliomba daftari kwanza. Akasoma kurasa za mvua, akaenda kwa miguu mpaka kijiti chekundu, akarudi na matope mpaka magotini.

"Na mzigo hii, na mvua hii, minyi sishuke hapa," alisema. Jérémy akaanza kutazama viatu vyake.

Magunia yakahamia kwenye ile ya kijivu. Ikapaa, ikazunguka juu ya mji, ikarudi. Ilipogusa ardhi matope yaliruka, mkia ukayumba, Mama Ève akawaita watakatifu wote kwa majina. Ikasimama.

Talitha akaingia kiwanjani. Direkta akamfuata nyuma kama mwanafunzi. Kutoka magurudumu mpaka kijiti chekundu zilibaki hatua sitini na mbili. Alizihesabu mara mbili, maana furaha nayo hudanganya.

"Hii itaweza," alisema.

Direkta alichukua daftari kwa mikono miwili. "Tunakamata ya kijivu. Na hii kitabu itaingia mu dossier ya ndege, ukurasa ya kwanza, na jina yako. Wafwako, Mama."

Kushukuriwa kwa Kiluba na mkubwa wa Lubumbashi! Talitha alijifanya anakung'uta matope kwenye kitenge.

Mama Ève naye alikuwa ameshapandisha bei. "Mahindi yangu imepanda ndege mbele ya minyi kupanda," aliwaambia wateja. "Mutalipa!"

Miezi mitano baadaye ndege ya kijivu ilikuja, yao sasa. Ngazi ikashuka, Direkta akasimama mlangoni, lakini hakukanyaga chini. Alisubiri Mama Talitha amalize kuhesabu.