Siku Niliyoutangaza Moyo wa Karanja Ukweni

Chekeni tu, nimeshazoea, maana aibu niliyoipata Kalimoni hata adui simwombei. Lakini mkingoja niseme nilikosea kuuliza, mtangoja sana.

Nilikuwa nasomea udaktari Kampala, na likizo hiyo nikawa nasaidia hospitalini Thika. Huko nikampata Karanja, kijana wa shamba la kahawa Ruiru (si jina lake, na kusimulia kwa mdomo ameniruhusu mwenyewe), aliyekuja na kikohozi, nami nilipomwekea mpira wa kusikilizia moyo kifuani sikuupata moyo mpaka nilipohamia upande wa kulia, kumbe ndiko ulikokaa, unapiga vizuri kabisa. Mwanafunzi akiandika kisa kama hicho, walimu humjua kwa jina. Daktari mkuu, Mzungu, akaniambia, "Andika tu. Hii mtu hapana soma Kizungu." Nikakataa, nikasema nitamwuliza kwanza, ingawa Karanja alikuwa ameshatoka hospitali.

Nikaomba pasi (siku zile za Hali ya Hatari Mkikuyu hakuvuka mto bila pasi), nayo ilikuwa ya siku ile tu, kwa hivyo nilipofika Ruiru nikaambiwa Karanja yuko Kalimoni, sikungoja, nikamfuata na baiskeli. Nikakuta wazee wamekaa, chifu amewapa ruhusa ya mkutano, na Karanja amekuja na jamaa zake kuposa. Kwetu mgeni haulizwi neno mpaka ashibe, basi nikapewa irio nikala bila haya, kumbe wote wanadhani mimi ni wa upande wa bwana harusi. Nilipomaliza, baba wa msichana akasema mbele ya watu, "Haya, kijana, tuambie kilichokuleta."

"Nimemfuata mgonjwa wangu."

"Mgonjwa?" akauliza mzee. Nikaona Karanja ananikodolea macho, nikataka kurekebisha, na hapo ndipo nilipoharibu kabisa: "Si mgonjwa, baba, ni moyo wake tu uko upande wa kulia."

Wazee wakataka kusikia wenyewe, mpira ukazunguka sikio kwa sikio, kisha mmoja akasema hawezi kuamua bila kusikia moyo wa kawaida, nivue shati na mimi, nikavua, na fulana yangu ya ndani ilikuwa na matundu hata watoto wakaenda kuitana. Nilitamani ardhi inimeze.

Aliyetuokoa ni Wambui, msichana mwenyewe. "Huo moyo unapiga?" akaniuliza. Nikasema unapiga. "Basi. Mimi nimemkubali mtu, sikuchagua upande." Baba yake akapoa, ila akaongeza mbuzi wawili kwenye mahari kwa ajili ya wasiwasi.

Wakati wa kuondoka nikamwuliza Karanja kile kilichonipeleka (ndiyo, bado niliuliza). Akanijibu polepole, "Umenivua nguo mbele ya wakwe, sasa unataka kunivua mbele ya Wazungu? Hapana."

Kesho yake daktari mkuu akasema, "Andika. Yeye hapana jua." Nikamwambia mwenye moyo amekataa. Nikarudi Kampala mikono mitupu, nikakaa nikisikiliza mwenzangu akisifiwa kwa kisa cha minyoo, na iliniuma, sitawadanganya. Kumfuata mgonjwa ukweni, hilo nimeapa sitarudia. Lakini kuuliza nitauliza, na akisema hapana ni hapana, daktari mkuu na akasirike mpaka apasuke.